Baba Aliyekuwa Babu
(Maneno ya mjukuu katika ibada ya shukrani ya miaka 100 ya usharika)

 

Kamati ya maandalizi iliniomba niseme kwa ufupi habari za marehemu Babu yangu, fundi seremala, aliyetengeneza sehemu kubwa ya mabenchi mliyokalia asubuhi hii. Nilisita kukubali. Wapo wazee wanaomfahamu kuliko mimi, na wengine waliwahi kugombana naye, jambo ambalo ni njia nzuri ya kumfahamu mtu. Lakini Mama mdogo aliniambia, "Usiposema wewe, watasoma wasifu tu." Basi nimesimama.

Kwanza nieleze jina. Kwa miaka saba nilimwita Baba. Baba yangu mzazi alilala kabla sijaweza kumkumbuka sura, na mama yangu alirudi nyumbani kwa wazazi wake hapa Ilembula akiwa amenibeba mgongoni. Mzee huyu ndiye aliyeninyoa nywele, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyenipeleka kuandikishwa shule. Mwalimu alipouliza jina la baba, Babu akamtaja mtu mwingine. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, nikidhani nimekataliwa. Usiku ule alinieleza, akamaliza kwa kusema, "Endelea kuniita unavyoniita." Nikaendelea. Leo nitamwita Babu, ili wageni wasichanganyikiwe.

Alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Alikuwa mtoto mdogo wamisionari wa Berlin walipoondolewa kwa sababu ya vita, na Waswidi wakachukua kazi. Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, alikuwa tayari mume, baba na fundi. Alipenda kusema kwamba amehama mara nyingi bila kutoka nyumbani kwake: alizaliwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, akalelea watoto Mkoa wa Iringa, akazeekea Mkoa wa Njombe tangu mwaka 2012, Wilaya ya Wanging'ombe. "Nyumba ni ileile," alisema, "na paa linavuja palepale."

Reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, alikwenda Makambako kufanya kazi ya useremala katika kambi. Alirudi na fedha kidogo na randa moja ya Kichina ambayo hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuigusa. Kwa randa hiyo alitengeneza milango, vitanda, meza za shule, kabati la ofisi ya usharika, na mabenchi haya. Mbao za mninga alizipenda. Mbao za paina alizidharau kidogo, ingawa ndizo zilizotulisha.

Ndugu zangu, hayo ni mambo mepesi. Sasa nifike penye uzito.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajua ugonjwa wa UKIMWI umetutendea nini. Ulitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983 huko Kagera, mbali na hapa, nasi tukauhesabu kuwa ni habari ya watu wa mbali. Lakini Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, barabara ya Njombe na Songea, na reli. Wengi walipita hapo, nao vijana wetu walikwenda hapo kutafuta riziki. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu watu wazima wenye virusi, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 14.8, wakati wastani wa Tanzania Bara na Zanzibar pamoja ulikuwa asilimia 5.1. Hakuna mkoa uliotuzidi.

Babu hakuzijua asilimia hizo. Yeye alikuwa na daftari. Kila aliyeagizwa jeneza aliandika jina, urefu kwa futi na inchi, na kama limelipwa. Katika kurasa za miaka ya 1980 vipo vipimo vya kila namna, vya wazee na vya watoto wachanga. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 karibu vyote ni vya watu wazima, na mahali pa malipo, ukurasa baada ya ukurasa, pameandikwa neno moja: "Bado." Sijaona popote alipofuata kudai.

Mama yangu alifariki mwaka 1996. Nilikuwa na miaka saba. Ndio mwaka uleule wa kuandikishwa shule. Kaburini ulisomwa wasifu wake, nao ukasema aliugua homa ya matumbo kwa muda mrefu. Babu alisimama akiinamisha kichwa. Watu wazima wote waliokuwapo walijua, nami sikujua.

Miaka mitatu baadaye alifuata mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa malori. Safari hii baadhi ya wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa na kuamua kwamba ameondolewa na mtu. Walimtaja mjane wake. Palikuwa na mpango wa kwenda kwa mganga, na sote tunajua mambo kama hayo huishia wapi: mwanamke hufukuzwa usiku na watoto, shamba hugawanywa, na mara nyingine damu humwagika. Jeneza lilipokwisha kushushwa, kabla ya udongo, Babu aliomba nafasi. Hakuwa msemaji. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa machache.

Alisema: "Sanduku hili nimelitengeneza mimi. Nimempima mwanangu kwa mikono yangu, nimeona alivyobaki. Mwanangu amekufa kwa UKIMWI. Asitafutwe mchawi. Mke wake atakaa kwangu."

Hakuna aliyejibu. Mwinjilisti alianza wimbo, na watu wachache tu wakaupokea. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi wapo jamaa waliopita mbele ya nyumba yetu bila kubisha hodi. Walisema ameuvua ukoo nguo. Oda za vitanda zilipungua, za majeneza hazikupungua. Yule mjane alikaa kwetu, akalima karanga pamoja na Bibi, na watoto wake wawili wakalala kitanda kimoja nami, miguu yao usoni pangu.

Mimi nami nilikuwa na neno langu, nalo nililibeba kwa miaka mingi. Kwa nini alisema ukweli kwa ajili ya mwanawe wa kiume, na mama yangu akafichwa? Nilidhani ni kwa sababu alikuwa binti. Nilimuuliza mwaka 2008, siku mbili kabla sijaondoka kwenda masomoni. Alikuwa ananoa patasi. Alinoa kwa muda mrefu hata nikafikiri hatajibu. Kisha akasema, "Mama yako nilimficha kwa sababu ya aibu, na aibu ilikuwa yangu, si yake. Kwa mjomba wako nilikuwa nimechoka kuogopa. Ningeanza kwake yeye, nisingekudai hata msamaha." Sikumjibu lolote. Nilikuwa kijana, nikaona jibu halitoshi. Leo nina watoto wangu, na bado naona halitoshi. Lakini sijui baba mwingine aliyelijibu swali kama hilo mbele ya mtoto.

Jambo moja zaidi, nalo nimelipewa ruhusa kulisema na mwenyewe aliye hapa. Serikali ilianza mpango wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi mwishoni mwa mwaka 2004. Dawa zilipotufikia, Mama mdogo, mtoto wa mwisho wa Babu, alikuwa amekonda, naye hakutaka kupima. Babu alikwenda naye hospitalini, akaketi kwenye foleni, na alipoitwa akaomba apimwe yeye kwanza, mzee wa zaidi ya miaka 70. Mhudumu alicheka, akampima. Mama mdogo akapima baada yake. Huyo ndiye ameketi benchi la tatu, upande wa kina mama, naye ndiye aliyepika chai mtakayokunywa baada ya ibada.

Babu alilala katika Bwana mwaka 2018. Alikuwa hakujitengenezea jeneza. Alisema fundi anayejipima mwenyewe hupunja. Kati ya wajukuu wote hakuna aliyejifunza kazi yake, kwa hiyo tulinunua Makambako, lenye vanishi ya kung'aa, na kifuniko hakikukaa sawasawa. Mama mdogo alisema Mzee angelirudisha.

Daftari lake nimelileta. Katika ukurasa wa mwaka 1996 kuna mstari mmoja wenye kipimo tu, futi 5 na inchi 6, bila jina. Jina la mama yangu limeandikwa hapo baadaye, kwa wino tofauti, na mkono uliokwisha kutetemeka. Kamati ya kumbukumbu imeomba daftari lihifadhiwe ofisini pamoja na vitabu vya ubatizo. Familia imekubali, kwa sharti kwamba yeyote anayemtafuta mtu wake aruhusiwe kulisoma, bila kuulizwa maswali. Litakaa katika kabati alilolitengeneza yeye. Mlango wa kushoto hukwama, Mchungaji. Inabidi kuuinua kidogo ndipo ufunguke.