Sumuni ya Sungura na Thamani Yake

Tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwaka 1966 na kutoa sarafu zake za kwanza, zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na, upande wa pili, sulisuli katika ndururu, mbuni katika senti ishirini, sungura katika sumuni na mkono ulioshika mwenge wa uhuru katika shilingi, nchi hii imekuwa ikiandika tarikhi yake katika madini, nasi aghalabu tumeipitisha viganjani pasipo kuisoma.

Jambo linalowapoteza wengi wanaoanza kukusanya sarafu ni kudhani kuwa ukongwe peke yake huleta thamani. Iko senti kumi ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati, iliyopigwa mwaka 1936 kwa jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu Desemba ya mwaka ule ule kabla ya kuvikwa taji. Huko kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa raia, na chache zilizopigwa kwa majaribio huuzwa kwa mali isiyo kifani. Bali za kwetu, kwa kuwa hazikuhitaji sura ya mfalme, na tundu limekaa pale ambapo kichwa kingekaa, zilipigwa kwa wingi mkubwa, zikaenea masokoni, na hata leo azitakaye huzipata kwa bei ndogo. Kisa chake ni cha ajabu, lakini idadi ndiyo kadhi, na hukumu yake haina rufani.

Baada ya idadi huja hali. Sumuni ya 1966 ambayo sungura wake amelikwa na vidole hata manyoya yake hayaonekani, ni kumbukumbu njema ya nyumbani, wala haizidi hapo; lakini ile ambayo haikupata kuzunguka, ingali na mng'aro wa kiwandani na nywele za Mwalimu zingali zikihesabika juu ya sikio, hiyo mkusanyaji ataigombania. Na hapa nasema kwa uchungu, maana nyingi zimeharibiwa na watu wenye nia safi, waliozisugua kwa ndimu, majivu au dawa ya meno, wakaondoa ule utando wa juu ambao hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Chukueni sumaku, mkajaribu shilingi mbili. Ile ya 1966, ya shaba iliyochanganywa na nikeli, haivutwi. Ile ya 1987, yenye sura ya Rais Mwinyi, huvutwa mara moja, kwani ni chuma kilichovikwa nikeli, na dola yoyote huona taabu kutia madini ghali katika sarafu ambayo nguvu yake ya kununua inapungua. Chuma hicho, utando wake ukikwaruzwa, hakistahimili hewa ya chumvi ya pwani yetu. Hushikwa na kutu kuanzia kingoni. Kwa hiyo naona kuwa sarafu hizo za chuma, ambazo leo hazina mtu wa kuziinamia barabarani, ndizo zitakazokuwa adimu kupatikana zikiwa safi, na ndizo zimpasazo kijana asiye na mali kuanza nazo. Kadhalika wenzetu wa Kenya, ambao mwaka 2018 walitoa sarafu za twiga, kifaru, simba na tembo badala ya sura za marais, kwa kuwa Katiba yao ya 2010 imekataza sura ya mtu, wangali na fursa ya kuchagua zilizo nzuri katika zile za zamani.

Basi, ndugu msikilizaji, zile sarafu zilizolala ndani ya kikopo nyumbani kwako, zishike kwa kingo, uzisome mwaka na madini yake, uziweke katika karatasi kavu, usizioshe. Na akija mtu kukuuzia moja kwa bei kubwa kwa hoja tu kwamba ni ya kale, mwulize kwanza zilipigwa ngapi.