Afisa Ustawi wa Jamii: Tumsomeshe, Tumtunze

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili



Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa halmashauri zetu jukumu la kulinda ustawi wa watoto. Anayelibeba jukumu hilo kila siku ni afisa ustawi wa jamii. Yeye huchunguza familia kabla mtoto hajapelekwa kwa walezi wa kambo, na anatakiwa awepo Mahakama ya Watoto inapoketi.

Kazi hii haifundishiki kwa semina ya siku 3. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuwaandaa watu wa fani hii. Shida yetu ni kwamba wakishasoma hatuwatunzi. Afisa anapewa kata nyingi bila usafiri, wala chumba cha faragha cha kuzungumza na mtoto. Kesi za vipigo na ubakaji anazibeba peke yake. Kisha unakuja mradi wa wafadhili, unamwajiri kwa mshahara mnono. Mradi ukifungwa, halmashauri imeshampoteza, na mtoto aliyeanza kumwamini anasimulia maumivu yake upya kwa mgeni.

Yethro alipomwona Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, hakumsifu. Alimwonya kuwa atachoka, akamshauri apate wasaidizi.

Kwa hiyo naomba mambo 3.

Kwanza, miradi yetu isiwachukue maafisa wa halmashauri. Fedha hizo, kwa makubaliano na Mkurugenzi, zilipie mafuta ya pikipiki, mafunzo kazini na vikao vya maafisa kushauriana juu ya kesi nzito.

Pili, kamati zinazosomesha vijana zimkumbuke anayetaka kusomea ustawi wa jamii, hasa wa kutoka vijiji vya pembezoni. Huyo ana ndugu wa kumrudisha nyumbani.

Tatu, kila usharika utenge chumba tulivu siku afisa anapotembelea kata. Wazee wa kanisa nao wasikae kimya: sheria hiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa.

Kituo cha yatima twaweza kukijenga kwa mwaka mmoja. Afisa mwenye uzoefu hupatikana kwa miaka mingi, na huondoka kwa barua moja.