Nyambizi, Makombora na Nguvu ya Manowari



Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Mombasa kwenda Colombo, ukilindwa na manowari. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail, na ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500: askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, mabaharia, na wanawake wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi kile.

Nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji, ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakiogelea watu waliookoka. Mkuu wa manowari Petard alikuwa na meli nyingine nne za kulinda, nazo zilijaa watu. Akaamuru mabomu ya majini yatupwe. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile, lakini baadhi ya waliokuwa majini waliuawa na mabomu ya wenzao.

Habari hiyo yatosha kuonyesha ya kwamba swali la leo si mchezo wa wenye kupenda hesabu za vita. Swali lenyewe ni hili: taifa lenye manowari nyingi na kubwa, je, laweza kutishwa na nyambizi na makombora mapya? Wengine hujibu upesi ya kwamba siku za manowari kubwa zimekwisha. Wengine husema mwenye nguvu hana la kuogopa. Majibu yote mawili yana kasoro.

Kwanza yafaa kufahamu jinsi silaha hizi zifanyavyo kazi. Chini ya bahari macho hayaoni mbali, wala rada haifai kitu. Mwindaji hutegemea hasa sauti; na kwa kuwa maji yana matabaka ya joto na ya baridi, sauti hupinda njiani, na nyambizi iliyo karibu yaweza kupita isisikike. Kombora la kupiga meli nalo huruka chini sana, juu kidogo ya mawimbi. Kwa sababu dunia ni mviringo, rada ya meli hailioni mpaka litokeze kwenye upeo. Hapo wanaolinda meli huwa na dakika mbili au pungufu ya kulizuia.

Mfano mwema ni vita vya visiwa vya Falkland. Tarehe 2 Aprili 1982 askari wa Argentina waliviteka visiwa hivyo, navyo vilikuwa chini ya Uingereza. Waingereza walipeleka kundi la manowari na meli za mizigo, safari ya maili 8,000. Katika kundi hilo zilikuwamo manowari mbili za kubeba ndege, Hermes na Invincible.

Tarehe 2 Mei nyambizi ya Waingereza, Conqueror, iliizamisha manowari General Belgrano. Watu 323 walikufa. Baada ya hapo manowari kubwa za Argentina, pamoja na ile ya kubeba ndege, zilirudi karibu na pwani yao, wala hazikutoka tena kupigana mpaka vita vilipokwisha. Nyambizi ilizamisha meli moja tu, lakini ilifukuza kundi zima.

Siku mbili baadaye zamu ikawa ya Waingereza. Ndege mbili za Argentina zilifyatua makombora yaitwayo Exocet, yaliyotengenezwa Ufaransa. Moja liliipiga manowari Sheffield. Watu 20 walikufa, na baada ya siku chache meli ikazama. Makombora ya namna hiyo, ya kufyatuliwa na ndege, Argentina ilikuwa nayo matano tu. Hata hivyo, kwa kuyaogopa hayo matano, Hermes na Invincible zilikaa mbali upande wa mashariki, na ndege zake zikawa na muda mfupi tu wa kuwalinda askari waliokuwa wakishuka pwani.

Tarehe 25 Mei ilipigwa Atlantic Conveyor, meli ya mizigo iliyochukua helikopta. Watu 12 walikufa, na helikopta tatu kubwa ziitwazo Chinook ziliteketea. Kwa hiyo askari wengi waliotazamia kuchukuliwa hewani walivuka kisiwa kwa miguu, katika baridi na matope, mizigo mizito mgongoni.

Tena nyambizi moja ya Argentina, San Luis, ilikuwa ikizunguka katika maji yale. Topido zake zilikuwa na hitilafu, wala haikuzamisha chochote. Lakini Waingereza walitumia silaha nyingi katika kuiwinda wasiipate, nayo ikarudi kwao salama. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Pamoja na hayo yote, Waingereza hawakurudi nyuma. Walipoteza meli kadhaa, nyingine kwa mabomu ya kawaida ya ndege, lakini tarehe 14 Juni askari wa Argentina visiwani wakasalimu amri. Basi manowari hazikuwa bure. Bila ya hizo askari wasingalifika kamwe.

Jambo hilo limeonekana tena siku zilizo karibu. Tarehe 14 Aprili 2022 manowari Moskva, iliyoongoza manowari za Urusi katika Bahari Nyeusi, ilizama. Ukraine ilisema imeipiga kwa makombora mawili kutoka nchi kavu. Urusi ilisema moto ulizuka ukalipua risasi zake. Ukraine haikuwa na manowari kubwa hata moja. Lakini baadaye manowari nyingi za Urusi ziliondolewa bandari ya Sevastopol, na tangu Agosti 2023 meli za biashara zikaanza kupita tena kando ya pwani. Jambo hilo halikuwa dogo kwa Afrika ya Mashariki, maana sehemu ya ngano iliwayo huku hutoka nchi za bahari ile.

Katika Bahari ya Shamu mambo yalikuwa kinyume. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walizishambulia meli za biashara. Manowari za Marekani na za Uingereza zilitungua makombora mengi kwa ustadi. Hata hivyo kampuni nyingi za meli ziliona heri kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu zaidi yenye gharama kubwa. Manowari zilijilinda vema, lakini hazikuweza kuwaondolea wenye meli hofu yao.

Jibu la swali, basi, ni hili. Nyambizi na makombora huweza kulitisha jeshi la manowari lililo kubwa kuliko yote, wala si lazima yalizamishe. Hutosha kulisogeza mbali na mahali linapohitajiwa. Taifa lenye busara hujitayarisha kwa kuona mbali, kwa ndege za doria na helikopta zenye vyombo vya kusikiliza baharini, na kwa manowari ndogo za ulinzi zilizo nyingi. Hujua pia ya kwamba nyingine zitapotea.

Mwenye kupima nguvu ya manowari asihesabu meli peke yake. Na aulize zaweza kukaribia kiasi gani, na kukaa hapo kwa siku ngapi. Waliokuwa ndani ya Khedive Ismail, na wale waliotembea katika matope ya Falkland, wote maisha yao yalitegemea jibu la swali hilo.