Jina Likirukwa Kwenye Mchango wa NSSF



Kila mwezi programu ya mishahara huamua nani anafaa kukatwa mchango wa NSSF. Chini ya Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, mfanyakazi huchangia asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa, na mwajiri naye asilimia 6, hadi kiwango kilichowekwa. Jina likirukwa, michango yote miwili hukosekana, na pengo hilo humuumiza mfanyakazi siku ya kustaafu.

Mara nyingi kosa liko kwenye rekodi. Mfano, aliyezaliwa 1975 akiandikwa 1957, programu itamhesabu kuwa amepita miaka 60 na kumwacha nje. Vivyo hivyo kwa aliyerudi kazini kwa mkataba mpya, huku rekodi ya zamani ikionyesha ameondoka.

Kwa hivyo karani wa mishahara alinganishe tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho, tarehe ya kuajiriwa na barua ya kazi, kisha nambari ya NSSF. Asimpitishe mtu kwa nguvu bila kurekebisha rekodi. Mwezi ujao kosa litarudi. Akishamaliza, atafute miezi iliyorukwa ili michango yake ilipwe.

Mfanyakazi naye asome hati yake ya mshahara na taarifa ya NSSF. Akiona mwezi usio na mchango, apeleke hati hizo na kitambulisho kwa ofisi ya wafanyakazi mara moja. Pengo la mwezi mmoja huzibika upesi kuliko la miaka kumi.