Mgongo hautoki damu: namna ya kudai fidia ya shingo na uti wa mgongo

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa chama, Chang'ombe, Temeke)

 

Leo sitazungumzia uchaguzi. Nazungumzia shingo na mgongo, kwa sababu hapa Chang'ombe, Keko na Temeke nzima vijana wengi ndicho tunachouza. Wapo wa viwandani, wapo wa maghala, wapo mafundi samani wa Keko, wapo wanaodamkia Kariakoo kubeba mizigo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia ni kilo 100, na likiwa lumbesa linazidi hapo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mzigo wa mwanaume mtu mzima ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Lumbesa tumezoea kuisema kama wizi kwa mkulima, na ni kweli. Lakini kabla haijafika sokoni imepita shingoni kwa mtu.

Sasa huyo mtu akiumia, inakuwaje?

Sheria ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri. Haruhusiwi kukata hata senti kwenye mshahara wako kwa ajili hiyo. Ukiumia kazini una haki ya matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, unapimwa kwa asilimia. Ukiwa hadi asilimia 30, unapewa mkupuo, basi. Ukizidi 30, unapata pensheni ya kila mwezi.

Hapo kwenye 30 naomba tukae kidogo. Mtu akipewa 28 na mwingine 33, kwa macho wanafanana. Lakini mmoja atapokea hela mara moja, atalipa madeni na kodi ya chumba, imeisha. Mwenzake ana uhakika kila mwezi. Kidole kikikatwa na mashine kila mtu anakiona. Mgongo hautoki damu. Mtu anatembea, anacheka, anakunywa chai kibarazani, watu wanasema "huyu mzima huyu". Ndiyo maana madai ya mgongo ni rahisi kukataliwa au kupewa asilimia ndogo, na ndiyo maana lazima tujue kuyatetea.

La kwanza, toa taarifa siku hiyohiyo. Usiseme "nitapaka dawa ya kuchua, kesho itapoa". Mwambie msimamizi, na tuma na meseji ili ibaki. Sheria inataka madai yafunguliwe ndani ya miezi 12, lakini ukikaa hata wiki mbili kimya, utaulizwa kama hukuumia kwenye mpira.

La pili, hospitali sema umeumiaje. Cheti kikiandikwa "maumivu ya mgongo" tu, hakijakusaidia. Kiandikwe umeinua nini, uzito gani, siku gani, wapi. Na eksirei ya kawaida inaonyesha mifupa. Diski iliyotoka na mshipa wa fahamu uliobanwa huonekana kwa MRI. Kwa hiyo bosi akikwambia "picha safi, rudi kazini", na mkono bado una ganzi, mwombe daktari akupe rufaa ya kwenda kwa mabingwa, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

La tatu, daktari aandike uhusiano wa ugonjwa na kazi. Tujifunze kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani, ambao madai yao mengi ni ya shingo na mgongo. Kule unatakiwa uonyeshe vitu vitatu: una ugonjwa sasa, kuna tukio lililotokea jeshini, na daktari anaunganisha hivyo viwili. Wengi hukwama hapo pa tatu, wakakata rufaa, wakarudi na barua ya daktari wakashinda. Na sheria yao inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana, mashaka yanakwenda upande wa mkongwe.

La nne, ukikataliwa au ukipewa asilimia ndogo, usitupe barua kwa hasira. Sheria inakupa haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na ngazi za juu zipo. Ila muda una mwisho, na unahesabika. Soma tarehe. Nenda na ripoti mpya inayoeleza usichoweza kufanya: huwezi kuinua ndoo, huwezi kukaa saa moja, hulali usiku. Kusema "nimeonewa" peke yake hakutoshi.

Najua mtaniuliza: na deiwaka asiye na mkataba? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema hata bila karatasi unaweza kuchukuliwa kuwa mwajiriwa, kwa mfano kama umemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo tunza miamala ya simu, picha ukiwa kazini, majina ya wenzako. Lakini kuli wa sokoni anayebebea wateja ishirini kwa siku, bosi wake nani? Huyo sheria haijamfikia, na huyo ndiye shingo yake inakwisha kwanza.

Na tusikubali jibu la "huo ni uzee tu". Ujerumani tangu 1993 inatambua kama ugonjwa wa kazi maradhi ya diski za shingo kwa waliobeba mizigo mizito begani kwa miaka mingi. Shingo ya Mjerumani na ya Mtanzania zina pingili saba zilezile.

Napendekeza chama chetu kibebe mambo matatu. Moja, ushahidi ukilingana, mashaka yamwendee mfanyakazi. Mbili, kila uamuzi uandikwe kwa Kiswahili na ueleze asilimia imepatikanaje. Tatu, wabeba mizigo wa masoko waingizwe kwenye fidia, mchango ukatwe kwenye ushuru wa soko ambao tayari unakusanywa.

Wakati tunayadai hayo, kila tawi liteue vijana wawili wa kuwasaidia watu kujaza fomu na kusoma barua. Bila kuuliza kadi ya chama. Mwenye maumivu hana rangi.

Maswali.