Macho Yanayokodoa, Macho Yanayokwama

Mwaka 1992, mjini Barcelona, fainali ya Olimpiki ya mita 100 kwa wanawake ilimalizika wakimbiaji watano wamebanana mstarini. Picha ilipochunguzwa, dhahabu ikaenda kwa Mmarekani Gail Devers. Mwaka uliotangulia miguu yake ilikuwa imevimba hata madaktari wakafikiria kuikata.

Devers aliambiwa mwaka 1990, kabla hajatimiza miaka 25, kwamba ana ugonjwa wa Graves: tezi ya shingo, yaani tezi dundumio, ilikuwa ikimwaga homoni kupita kiasi. Alikonda, nywele zikanyonyoka, macho yakamtoka. Mwaka 1989 mke wa Rais wa Marekani, Barbara Bush, aligunduliwa na ugonjwa huohuo akiwa na miaka 63. Yeye alifikia hatua ya kuona viwili viwili, na mwaka 1990 akatibiwa kwa mionzi nyuma ya macho.

Ugonjwa mmoja, lakini kijana na mzee hawaumwi sawa.

Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa usiku. Katika ugonjwa wa Graves, mlinzi huyo humgeukia mwenye nyumba: kingamwili huichokoza tezi, kisha hushambulia pia nyama laini zilizo nyuma ya jicho. Tundu la jicho la mtu mzima lina ujazo wa mililita 30 hivi, sawa na vijiko sita vya chai, na kuta zake ni mifupa. Kinachovimba humo hakina pa kwenda ila mbele. Uvimbe wa mililita nne tu, usiojaza hata kijiko kimoja, unaweza kulisukuma jicho nje kwa milimita sita.

Kwa vijana, hasa walio chini ya miaka 40, kinachovimba zaidi ni mafuta. Jicho hutokeza, kope ya juu hupanda, na weupe huonekana juu ya duara jeusi, kama mtu aliyeshtuliwa. Watu humuuliza kwa nini anakodoa. Hata hivyo jicho kwa kawaida huzunguka vizuri na uwezo wa kuona hubaki. Karaha yake ni ukavu, machozi na hisia ya mchanga, kwa kuwa kope hazifungi sawasawa, pamoja na uzito wa kutazamwa na kila mtu. Kwa watoto ugonjwa huwa mwepesi zaidi, na ni nadra kuhitaji upasuaji.

Kwa wenye umri mkubwa, misuli inayolizungusha jicho ndiyo hunenepa na kukakamaa. Jicho moja likikwama huku jingine likipanda, ngazi moja huwa mbili na mlango huwa na vitasa viwili. Kibaya zaidi, misuli hiyo hukutana nyuma kabisa ya tundu, mahali pembamba inapopita neva ya kuonea. Ikinenepa, huikaba.

Na hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Jicho lililotoka sana limejipatia nafasi. Lisilotoka linaweza kuwa ndilo linalobanwa zaidi. Babu anasema haoni vizuri, jamaa hawaoni kasoro usoni, na wote wanadhani ni mtoto wa jicho. Tezi nayo huwa kimya uzeeni: pengine hakuna kutetemeka wala jasho, ila moyo tu unaodunda bila mpangilio. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1991 kwa mume wa Barbara, Rais George Bush, aliyekuwa na miaka 66. Mapigo ya moyo yalimvurugika akikimbia mazoezi, na uchunguzi ukaonyesha kuwa naye ana Graves.

Umri peke yake hauamui. Wanawake ndio wanaougua zaidi, lakini wanaume huumwa vikali zaidi, na sigara huongeza hatari katika rika lolote. Kuacha kuvuta na kurekebisha homoni ndiyo hatua za kwanza kwa kila mgonjwa. Baada ya hapo njia hutengana. Kijana mwenye dalili nyepesi huenda akatosheka na matone ya kulainisha macho, huku daktari akifuatilia. Neva ya mzee ikibanwa, hupewa steroidi kwa dripu haraka, sukari na shinikizo la damu vikichungwa kwa sababu dawa hiyo huvipandisha. Isiposaidia, mfupa hupunguzwa ili jicho lipate nafasi.

Mgonjwa wa tezi anaweza kujipima nyumbani. Atazame kanga nyekundu kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Ikiwa upande mmoja wekundu umepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, au akiona viwili viwili, aende kliniki ya macho siku hiyohiyo, hata kama kioo hakimwonyeshi lolote.