Ahadi Tuliyoitoa Bila Kuwauliza Wavuvi



Hatukuja kumshitaki mtu, kwani kosa lilikuwa letu sisi wa halmashauri. Mwaka jana, mwezi wa Juni, tuliiahidi hoteli moja ya Diani kuipelekea nguru kila siku, wala hatukumwuliza nahodha hata mmoja. Kusi ilikwisha kukaza. Kila mvuvi wa Msambweni ajua kwamba wakati huo ngalawa huvua ndani ya mwamba, ambako hupatikana tafi na changu. Nguru hungojewa kaskazi. Vijana wawili walitoka nje ya mwamba ili kutusitiri aibu. Walirudi salama, alhamdulillahi. Ngalawa yao haikurudi. Gharama yake tumeitoa mifukoni mwetu. Sasa manahodha wawili huketi nasi katika halmashauri, nao husema kwanza.